Usilipe Ada kwa Unachokijua Tayari

Ndugu msomaji, mimi sina shahada. Naanza na neno hilo ili usije ukadhani aliyeandika makala haya ni msomi mkubwa anayewatazama wenzake kutoka juu. Nilisoma Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1970 na 1971, nikatoka na cheti cha Daraja A, nikafundisha shule za msingi miaka 38, na katika hiyo, miaka 29 nilikuwa mwalimu mkuu. Karatasi yangu kubwa kuliko zote ni ile ya Mpwapwa. Hata hivyo vijana huniletea maswali yao ya vyuo, pengine kwa sababu mzee aliyestaafu ana nafasi ya kusikiliza, na swali la mmoja wao ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mdogo. Ana umri wa miaka 34, ana stashahada ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, ile tunayoiita TEHAMA, na kwa miaka tisa amekuwa akitunza kompyuta za hospitali moja jijini Dar es Salaam. Mtandao ukikatika ni yeye. Printa ya maabara ikigoma ni yeye. Seva ikizimika saa nane za usiku, simu inayolia ni yake, na mkewe amekwisha zoea. Mwaka 2024 nafasi ya mkuu wa kitengo chake ikawa wazi. Akaletwa kijana wa miaka 26 mwenye shahada, na mpwa wangu akaagizwa amwonyeshe kazi. Akamwonyesha. Mwisho wa mwezi mwanafunzi akapokea mshahara mkubwa kuliko wa mwalimu wake.

Desemba ya mwaka huo alikuja kwangu Kilosa kwa treni ya umeme. Baada ya salamu na chakula akafungua begi, akatoa matangazo manne ya vyuo, akayapanga mezani kama mtu anayegawa karata. La kwanza lilikuwa la shahada ya TEHAMA, masomo ya jioni, miaka mitatu. La pili lilikuwa la sayansi ya kompyuta, nayo jioni, lakini limejaa hisabati tangu muhula wa kwanza. La tatu lilikuwa la usimamizi wa biashara. La nne lilitoka nchi ya mbali, masomo kwa intaneti, nalo liliahidi shahada kwa miezi kumi na miwili kwa mtu mwenye uzoefu, bila kukaa mtihani hata mmoja.

"Mjomba," akaniambia, "mimi kazi naijua. Nataka karatasi tu. Nichagulie ya upesi."

Maneno yale mawili, karatasi tu, yaliniudhi usiku mzima. Si kwa sababu kijana alikosea, bali kwa sababu alikuwa amefundishwa kusema hivyo, na waliomfundisha ni wengi. Nitawataja kwa mafungu yao, na fungu la mwisho nimo mimi mwenyewe.

Fungu la kwanza ni waajiri. Sikatai kwamba shahada ina maana yake. Mwajiri anayepokea mamia ya barua kwa nafasi moja hawezi kumpima kila mtu, na karatasi humsaidia kuchuja. Aliyemaliza chuo ameonyesha walau kwamba akianza jambo anaweza kulifikisha mwisho. Lakini chujio ni la kuwachuja usiowajua. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Je, tuseme nini juu ya mwajiri anayekujua kwa miaka tisa naye bado hakuthamini? Mtu huyo yumo ndani ya jengo. Makosa yake yanajulikana, na mema yake yanajulikana. Kama kuna shaka juu ya uwezo wake wa kuongoza kitengo, mkaimishe miezi sita umwone. Kumpima kwa karatasi ya miaka yake ya ujana, na kuiacha kazi yake iliyo mbele ya macho, ni uvivu wa mwajiri uliovikwa joho la utaratibu.

Nalisema hili nikijua kwamba nina kidonda changu. Mwaka 1998 niliomba nafasi ya kuratibu elimu katika kata yetu. Ofisi iliyohusika ikanijibu kwa barua ya mistari mitatu kwamba sikuwa na elimu inayotakiwa. Nafasi ikaenda kwa kijana niliyempokea mimi mwenyewe alipokuwa mwalimu mpya asiyejua kuandaa azimio la kazi. Kwa hiyo msomaji una haki ya kusema kwamba mzee huyu ana kinyongo. Ninacho. Lakini kinyongo hakiufanyi ukweli kuwa uongo.

Fungu la pili ni vyuo. Sivisemi vyote. Lakini viko vinavyobadilisha majina ya shahada kama mwenye duka anavyobadilisha vitambaa vya dirishani. Likivuma neno usalama wa mtandao, inazaliwa shahada ya usalama wa mtandao. Likivuma neno akili mnemba, mwaka ujao utaiona kwenye tangazo. Ukifungua ndani, masomo ni yale yale, na walimu ni wale wale. Na kinachosikitisha zaidi ni kwamba mtu aliye kazini hulipishwa ada kamili ili afundishwe muhula mzima jinsi ya kuunganisha nyaya za mtandao, kazi ambayo mchana wa siku ile ile ameifanya huko anakotoka.

Fungu la tatu ni sisi wenyewe, tunaotoa na tunaopokea ushauri. Mwaka 1997 mwalimu mmoja wa shule yangu alinijia na swali kama la mpwa wangu. Alikuwa mwalimu wa hisabati, tena bora kuliko wote niliopata kufanya nao kazi; watoto wa darasa la sita walimkimbilia wakati wa mapumziko ili awape mafumbo ya namba. Alikuwa na sifa za kuingia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, na ambacho kwetu walimu wa mikoani kilikuwa mlango mpya kabisa, maana mtu alisoma bila kuacha kituo chake. Aliniuliza achague nini. Nikamjibu: chagua lolote litakalokwisha upesi, kinachotakiwa ni cheti. Alinisikiliza. Akachagua masomo aliyoyaona mepesi, akamaliza, akapandishwa cheo, akahamishiwa ofisini. Miaka mingi baadaye tulikutana stendi ya Morogoro, akaniambia kwa upole kwamba hakumbuki kitu alichosoma, na kwamba hisabati hajaigusa tena. Sikupata neno la kumjibu. Shule ilimpoteza mwalimu, naye alipoteza miaka yake ya jioni, na ushauri ulikuwa wangu.

Kwa hiyo mpwa wangu alipotamka neno lile la karatasi tu, nilisikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka 1997.

Niruhusu nirudi nyuma zaidi, kwa sababu swali la kazi na chuo kikuu si geni katika nchi hii. Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyeyahusisha. Mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikatoa Azimio. Wengi hulikumbuka kwa sababu ya Elimu ya Msingi kwa Wote, lakini ndani yake lilikuwamo sharti jingine: kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali afanye kazi kwanza, aje na sifa njema kutoka kazini kwake na kwenye Chama. Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi marufuku ile kulegezwa. Leo mpwa wangu anasimama mahali mambo yale mawili yanapokutana: ni mfanyakazi anayetaka kwenda chuo kikuu, na kazi yenyewe ni ya kompyuta.

Sharti la Musoma liliondolewa katika miaka ya themanini. Lilikuwa na wema wake: mtu aliyefanya kazi alifika chuoni akiwa na maswali ya kweli. Lakini lilikuwa na lalamiko moja ambalo nalikumbuka vizuri. Vijana wa hisabati na sayansi walisema kwamba miaka ile ya kazini iliwasahaulisha walichojifunza. Hapo pana fundisho ambalo hatujalitumia. Kazi hunoa upande mmoja wa panga, na upande wa pili huachwa ukashika kutu. Kazi hukufundisha kile inachokidai kwako kila siku. Kile isichokidai, hata kama ndicho mzizi wa mambo yote, haikifundishi kamwe.

Huo ndio msimamo wangu, nao ni mfupi: mtu aliye kazini asichague shahada inayofanana na kazi yake. Achague ile itakayomfundisha kile ambacho kazi haitamfundisha hata akiifanya miaka arobaini.

Asubuhi ya pili nilichukua kalamu yangu nyekundu ya ualimu, nikamwambia mpwa wangu tusitazame majina ya shahada, tutazame orodha ya masomo. Akaifungua orodha ya kila chuo kwenye simu yake, tukainakili kwenye daftari. Kisha nikamwagiza akate kwa mstari kila somo ambalo anaweza kulifanyia mtihani kesho bila kusoma. Katika shahada ya TEHAMA alikata zaidi ya nusu, na alikuwa akikata huku anacheka. Katika sayansi ya kompyuta kalamu ilisimama. Hesabu za mantiki na seti, alikuwa amezisahau. Nadharia ya algoriti, yaani elimu ya hatua za kutatua tatizo na ya kupima hatua zipi ni chache zaidi, aliwahi kuisikia jina tu. Takwimu, nadharia ya kanzidata, jinsi mashine inavyogawa kumbukumbu zake: kimya. Akakata mawili, akaiweka kalamu mezani.

"Hii ngumu, mjomba," akasema.

"Ndiyo maana ina thamani ya ada," nikamjibu.

Akanijibu kwa hoja nzuri, nayo nitaieleza kwa haki. Alisema: mwajiri wangu hatatazama ndani, atatazama kama ni shahada au si shahada, basi, kwa nini nijitese? Nikamwambia kwamba hoja hiyo hiyo ndiyo inayomhukumu. Kama mwajiri hatazami ndani, basi ndani ni pako. Chujio lake halibagui shahada ngumu na nyepesi. Zote mbili zitapita. Yeye atapata karatasi aliyoitaka kwa vyovyote vile. Swali lililobaki ni wewe utapata nini kwa jioni zako zote hizo. Kuchagua nyepesi kwa sababu mwajiri hajali ni kukubali kuwa mjinga kwa ajili ya uvivu wa mtu mwingine.

Nikamuuliza tena: katika kazi zako, ni ipi inayokuchosha kuliko zote? Hakufikiri hata kidogo. Akasema ni ya Ijumaa. Kila Ijumaa huondoa majina ya wagonjwa yaliyojirudia. Mama mmoja huandikwa mapokezi kuwa Mwanaidi, maabara huandikwa Mwanahidi, na kwenye dirisha la dawa huandikwa kwa herufi ya kwanza tu na jina la baba. Mpwa wangu ameandika programu ndogo ya kuyatafuta majina hayo na kuyaunganisha. Ni hodari kweli. Lakini Ijumaa inayofuata yamerudi. Siku moja majibu ya damu ya mgonjwa yalikaa chini ya jina moja na daktari akatazama chini ya jina jingine, na mtu yule akakaa siku mbili bila dawa aliyostahili.

"Kwa nini yanarudi?" nikauliza.

"Makarani hawako makini, mjomba."

Miaka tisa alikuwa akiwalaumu makarani. Nikamwambia mimi sijui kompyuta, lakini najua rejesta. Shuleni kwangu kila mtoto alipewa namba siku ya kuandikishwa, na jina lake liliandikwa katika kitabu kimoja tu. Mwalimu wa darasa, mwalimu wa michezo na mtunza stoo ya vitabu hawakuruhusiwa kubuni orodha zao. Walishika namba ile. Jina likiwa limekosewa, lilisahihishwa mahali pamoja na kosa likafa. Hospitalini kwao kila idara ilikuwa na kitabu chake.

Tulitafuta kwenye simu yake, tukakuta kwamba jambo hili lina elimu yake kamili. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyesoma hisabati Oxford na aliyekuwa akifanya kazi IBM huko California, alichapisha makala juu ya namna ya kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana, na baadaye akaeleza jinsi ya kuyasafisha majedwali hayo ili jambo moja lisiandikwe mahali pengi likaja kujipinga lenyewe. Kanzidata nyingi zinazotumika duniani leo, zikiwamo za benki na hospitali, zimesimama juu ya fikra hiyo. Mpwa wangu alikuwa akiishi ndani ya nyumba ya Codd kwa miaka tisa, akideki sakafu kila Ijumaa, na hakuwahi kuambiwa kwamba paa linavuja. Kazi ilimfundisha kudeki. Haikuwa na sababu ya kumfundisha paa, maana maji yalikuwa yakiondolewa kwa wakati.

Mtu atasema: mzee, nadharia haziliwi, kazi inataka mtu anayejua zana za leo. Nina jibu la sandukuni. Mwaka 1996 niliuza fahali ili binti yangu asome kompyuta mjini Morogoro. Alirudi na cheti kizuri chenye muhuri, kinachosema anajua WordPerfect na Lotus 1-2-3. Sijutii fahali yule. Cheti kilimpatia ukarani, na ukarani ukasomesha watoto wake. Lakini IBM iliacha kuihudumia Lotus 1-2-3 mwaka 2014, na hakuna mwajiri leo atakayeuliza habari zake. Mbinu za Flash, ambazo vijana wengine walizilipia ada kubwa, zilifikia mwisho pale kampuni ya Adobe ilipoacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Sasa tazama upande wa pili. Neno algoriti limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, na elimu yake ya aljebra bado inafundishwa. Makala ya Codd imevuka miaka 50. Kanuni za mawasiliano ambazo mtandao wa ARPANET ulizianza tarehe 1 Januari 1983 ndizo zinazoendesha intaneti hadi leo. Zana hupita, misingi hukaa. Zana utafundishwa na kazi, tena bure, tena ukilipwa mshahara. Kwa nini uzilipie chuoni?

Wapo watakaosema: misingi hiyo si siri, yote imo katika intaneti, asome mwenyewe usiku. Wako wanaoweza, nami nawavulia kofia. Lakini nimefundisha muda mrefu, najua kwamba mtu akijichagulia masomo huchagua anayoyapenda. Sijapata kumwona mtu aliyerudi nyumbani saa mbili usiku amechoka, akaamua kwa hiari yake kufanya maswali ishirini ya takwimu na kuyasahihisha. Chuo kina thamani hiyo ya kale: kinakulazimisha kukaa na usichokipenda mpaka tarehe fulani, na kuna mtu mwingine atakayekuambia umekosea.

Wengine watasema akili mnemba imekwisha maliza mjadala, kwamba tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022 mashine inaandika programu yenyewe, na kusoma kompyuta ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume. Mashine ile ingeweza kuandika ile programu ya Ijumaa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai, na pengine bora kuliko ya mpwa wangu. Majina yangeondolewa upesi zaidi, na Ijumaa inayofuata yangerudi vile vile. Anayehitajika ni mtu wa kuuliza kwa nini yanarudi, kisha apime kama jibu aliloletewa ni la kweli. Ujuzi wa mikono unazidi kuwa rahisi kila mwaka. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kutolipia ujuzi wa mikono.

Na lile tangazo la tatu, la usimamizi? Hilo sikulidharau. Kama mtu ameamua kwamba anataka kuongoza watu, kupanga bajeti na kusimamia mikataba, basi hayo ndiyo ambayo kazi ya kurekebisha mitambo haikumfundisha, na shahada hiyo itamfaa kwa kanuni ile ile niliyoitoa. Lakini aseme ukweli moyoni mwake. Mpwa wangu alipoulizwa kama anapenda kusimamia watu, alicheka akasema yeye anapenda kujua kitu kinafanyaje kazi. Likafungwa hilo. Nilimwambia tu kwamba, iwapo chuo kitamruhusu kuchagua somo moja la pembeni, achague sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayeshika funguo za taarifa za wagonjwa wa watu hawezi kusema hakuijua.

La nne nililichana mwenyewe. Mpwa wangu alishtuka, nikamwambia aende kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania akaulize kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa. Akijibiwa ndiyo, nitaligundisha kwa gundi yangu. Hajarudi na jibu hilo. Anayekuuzia shahada bila mtihani hakuuzii elimu nyepesi, anakuuzia hofu: kila siku utaogopa mtu asije akauliza.

Nilimpa neno moja zaidi, ambalo halimo katika tangazo lolote. Asijaze fomu kabla hajakaa na mkewe. Kuanzia mwaka 1976 nilikuwa mmoja wa waliowasaidia wale vijana wa Elimu ya Msingi kwa Wote, waliojifunza ualimu huko huko vijijini kwa redio na kwa masomo ya posta huku wakishika darasa. Niliwaona waliofaulu na walioanguka. Tofauti yao haikuwa akili peke yake. Waliofaulu walikuwa na mtu nyumbani aliyekubali kwamba saa fulani ya usiku huyu haitwi. Jioni za miaka kadhaa si mali ya mwanafunzi peke yake, ni mali ya nyumba nzima, na nyumba iulizwe.

Waliulizana, wakakubaliana, akajiunga na sayansi ya kompyuta mwaka 2025. Kabla ya kuanza alimpelekea yule mkuu wake kijana habari ya majina yanayojirudia, akidhani atapuuzwa. Kijana akashangaa. Akasema jambo hilo walilisoma mwaka wa pili, akalifanyia mtihani na kulifaulu, lakini tangu aje hapo hakuna aliyemwambia kwamba hospitali ina ugonjwa huo. Mmoja alikuwa na dawa bila mgonjwa, mwenzake alikuwa na mgonjwa bila dawa, na walikaa meza mbili za chumba kimoja. Sasa wanaandaa pamoja namba moja kwa kila mgonjwa. Naomba waajiri wanaosoma ukurasa huu waufikirie ukuta uliowatenganisha watu hao, na ni nani aliyeujenga.

Muhula wa kwanza ulipofika katikati, mpwa wangu alinipigia simu usiku. Sauti ilikuwa ya chini.

"Shikamoo, mjomba. Nimefeli."

"Marahaba. Umefeli nini?"

"Jaribio la hisabati. Nimepata 31 katika mia."

Msomaji utanisamehe, nilifurahi, nami sikumficha. Kwa miaka tisa hakuna aliyemuuliza swali ambalo hakuweza kulijibu kabla ya chakula cha mchana. Sasa alikuwa amelipa fedha zake akakutana na kitu asichokijua. Ndicho kitu tulichokwenda kukitafuta. Nikamwambia achukue karatasi ile ile ya maswali, ailete Kilosa mwisho wa juma, na aje na daftari jipya. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya sehemu na uwiano, na hiyo hata mimi wa Daraja A naiweza.